Sufuria Tupu na Mama wa Chapati

Matangazo ya televisheni ninayoyakumbuka ni yale yaliyonikera. Yale ya mandhari maridadi na sauti nzito huwa nayasahau kabla uji haujapoa. Lakini lile la mafuta ya kupikia, ambamo kijana anamega chapati na kumlisha mama mkwe wake huku wakicheka, lilitusumbua sana nyumbani kwetu Embu.

Huku kwetu mama na mume wa binti yake hawali pamoja wala hawatazamani wakila; ni heshima. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Karurumo kwa matibabu, mikono imelegea, hawezi kushika kijiko. Mchana nilikuwa kazini. Mume wangu alikuwa papo hapo uani akiranda mbao zake, lakini mama alikaa na njaa mpaka nirudi jioni. Alikuwa anakonda, nami niliogopa.

Tangazo likianza, mume wangu alitoka nje mbio. Mama alijifunika leso usoni.

Basi mume wangu, ambaye mtandaoni hutazama bei za mbao tu, akakasirika kwa niaba ya mkwewe. Akajiunga na watu waliokuwa wakipiga picha za sufuria tupu na kuzibandika kwenye ukurasa wa kampuni ya mafuta yale, kuonyesha hawatayapikia tena. Mimi napenda maandamano ya namna hiyo: hakuna tusi, hakuna jiwe, ila ukurasa unajaa sufuria mpaka wenyewe waone haya. Yeye alipiga picha sufuria yetu kubwa ya githeri. Nilimpenda sana siku hiyo.

Tangazo likaondolewa, tukafurahi. Jioni moja mama akatazama televisheni mpaka taarifa ya habari ikaisha, kisha akaniuliza, "Kwani yule mama wa chapati walimpeleka wapi?"

"Walimtoa, mama. Watu walilalamika."

"Aki woiye. Na vile alikuwa analishwa vizuri."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia, akarudi uani.

Kesho yake nilitoka kazini mapema. Nikamkuta ameketi kando ya kitanda cha mama, bakuli la mukimo mkononi, uso ameugeuzia ukutani kabisa. Kijiko kilikuwa kinapapasa hewani karibu na sikio la mama, naye amefumba macho.

"Chini kidogo," mama alikuwa akimwambia. "Chini kidogo, mwanangu."