Kofi la Matangani

Ghaniya binti Nadhir ana miaka arubaini na mbili, karani wa shule hapa Nizwa, na miaka sita sasa anajifunza kupigana kama vunjajungu. Ndiyo, yule mdudu wa kijani anayekunja mikono kama anaomba dua. Kwenye ukumbi wa mazoezi wa wanawake, mwalimu wa Kichina, Bi Lin, anawafunza mchezo wa kwao: mkono unakunjwa mfano wa ndoana, unamnasa adui, unamvuta, na mkono wa pili unamaliza kazi. Mama yake, Bi Hamda, hulalama kuwa mdudu yule haguswi, anayemgusa huvunja vyombo.

Usimcheke Ghaniya. Alikuwa na jambo lake. Miaka sita nyuma, siku ya tatu ya matanga ya baba yao, kaka yake Khalaf, baba mmoja mama mbalimbali, alimwambia Bi Hamda afungashe, nyumba ya marehemu mjini Ibra anaitaka. Mjane yumo edani, jamani! Ghaniya akasema mama hatoki mpaka eda iishe. Khalaf akamzaba kofi mbele ya wafiwa, na hapana aliyefungua mdomo. Mama na mwana wakatolewa na mabegi yao. Kofi liliuma siku moja. Kile kimya cha watu kilimkaa rohoni miaka yote.

Mwaka huu Khalaf akapata nafasi ya kuhiji, na anayekwenda Makka huzunguka kwanza kuomba radhi. Akaja Ijumaa baada ya sala, na mkewe na jamaa wawili, walewale wa matangani. Akanyoosha mkono.

"Dada, nisamehe kwa yote, niliyoyajua na nisiyoyajua."

"Yapi hayo, kaka?"

"Yote tu."

Yote tu! Hana haya. Ghaniya akakunja mkono, akamnasa kifundo cha mkono, akavuta. Jitu zima na kanzu yake ya pasi likapiga magoti zuliani. Mkono wa pili ulikuwa tayari usoni pake.

"Sema ulilofanya."

Jamaa wakatazama vikombe vyao vya kahawa.

"Nilikupiga matangani," akasema. "Na mama nikamtoa edani."

"Sema wakusikie."

Akarudia kwa sauti. Ghaniya akamwachia.

"Alhamdulillahi," Khalaf akasema, akifuta jasho. "Basi umenisamehe."

"Sikukusamehe. Nilitaka wasikie tu. Kofi sikupigi na radhi sikupi. Nenda kahiji hivyo hivyo."

Khalaf akamgeukia Bi Hamda, akimwita mama kwa mara ya kwanza tangu matanga. Bi Hamda akamwonyesha viatu vyake mlangoni.