Njia Mbili za Baba

Baba hakuwa mtu wa kukaa. Hata chai aliinywa akizunguka boma, kikombe kikimwagika njiani. Kwa hiyo ilituchukua muda kugundua kwamba safari zake za nyuma ya zizi zimezidi. Angeenda, arudi, kisha aende tena, huku akilalamika kwamba baridi ya mvua imemwingia kiunoni. Mama alimchemshia mizizi. Mgongo nao ukaanza kumuuma.

Asubuhi moja, siku ya soko la Litein, mkojo ulikataa kabisa. Alitembea boma zima ameinama, jasho likimtoka, hataki kuguswa. Jirani mmoja mwenye lori la kubeba majani ya chai akatupeleka hospitali Kericho. Mimi nilikuwa mwalimu, bado sijaolewa, nimekuja nyumbani likizo. Nilipelekwa kwa sababu nilijua Kiingereza.

Walimwingiza mpira wa kutoa mkojo, akashusha pumzi ndefu. Daktari, Mzungu mzee, alimpima, akanawa mikono, kisha akatafuta mtu wa kumfasiria. Hapakuwa na mwingine ila mimi.

Alisema tezi iliyo chini ya kibofu imekuwa ngumu kama jiwe. Ilikuwa kansa, na aliamini imeshafika kwenye mifupa ya mgongo, kwa hiyo hangeweza kuiondoa. Lakini kansa hiyo hulishwa na nguvu inayotoka kwenye korodani. Ikinyimwa chakula hicho, itasinyaa. "Kwa muda," akasema, "pengine miaka miwili au mitatu. Halafu itarudi."

Nikamgeukia Baba. Kwetu binti hautaji mwili wa baba yake. Kwa Kipsigis, lugha yetu, nisingeweza, hata kama ningepigwa. Nikakimbilia Kiswahili, lugha aliyojifunza alipokuwa nyapara kwenye mashamba ya chai.

"Anasema kuna njia mbili, Baba. Moja ni tembe. Utameza kila siku, usiache. Zitavimbisha kifua kama cha mwanamke, na pengine miguu."

"Na ya pili?"

Niliangalia dirisha. "Ya pili ni kukata. Vile wewe unafanyia ndume."

"Kunifanya maksai," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Kisha akasema, "Muulize kama mtu anaweza kungoja tu."

Daktari alijibu kwamba anaweza, ila maumivu yataongezeka na miguu inaweza kufa ganzi. Huko kwao kulikuwa na mashine za kuchoma ugonjwa kwa miale. Hapa hazikuwepo. Hayo yote niliyafasiri. Lile la kurudi nililimeza.

Baba aliteremka kitandani, akabeba mkononi chupa ya mkojo iliyounganishwa na ule mpira, akatoka nje. Nilimfuata kwa mbali. Alizunguka ua mara nyingi, akifika kwenye seng'enge anageuka, na ng'ambo yake wachumaji wakiendelea kuchuma chai. Alipochoka akaniambia, "Tembe."

Zilimsaidia. Baada ya majuma machache mpira ulitolewa, mgongo ukatulia, akarudi kufuata ng'ombe zake. Kisha kifua kikavimba, kikawa kinauma hata shati likikigusa. Akaanza kuvaa koti zito jua likiwaka. Kanisani akaacha kwenda. Miguu ilipovimba mpaka viatu vikakataa, alilazimika kukaa, na hapo hakuna aliyepona ukali wake. Mimi nilikuja kila Jumamosi kutoka shuleni, na kila Jumapili niliondoka mapema kuliko nilivyopanga.

Alasiri moja Mama alikuwa akiosha kibuyu cha maziwa. Akaongea bila kuinua kichwa.

"Nimekuzalia watoto saba. Wa nane simtaki. Nataka mtu wa kutembea."

"Na wazee wenzangu watasema nini?"

"Kwani wazee watakuvua suruali?"

Baba alicheka. Tulikuwa tumesahau kicheko chake.

Jumatatu iliyofuata tulirudi hospitali. Tukiwa kwenye benchi akaniuliza, "Wakikata, nimepona?"

"Hapana, Baba. Daktari alisema itarudi. Alisema siku ile ya kwanza, nikashindwa kukwambia."

Alinigeukia. "Miaka mingapi?"

"Miwili. Mitatu."

"Ungeniambia, mwalimu. Ningekata siku ile ile. Nimepoteza miezi nikikaa." Akainuka, akaenda mwenyewe kumwona daktari.

Siku ya pili baada ya kukatwa wauguzi walimkuta akitembea barazani, ameshika ukuta. Walinituma nimwambie alale. Nilimfikishia, akaendelea kutembea.

Tembe aliziacha, na miguu ikarudi kama zamani. Kifua hakikurudi kabisa, lakini koti alilivua. Aliishi zaidi ya miaka mitatu. Waafrika wa kwetu walipoanza kuruhusiwa na serikali ya wakoloni kupanda chai yao wenyewe, alikuwa kati ya wa mwanzo kuchimba mashimo. Mwishoni maumivu ya mgongo yalimrudia, miguu ikakataa, na tukambeba kwa machela kumwonyesha miche. Alikufa msimu wa baridi, kabla ya mchumo wa kwanza. Mama ndiye aliyeuchuma.