Sekunde Alizoficha Fundi Saa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu umeulalia uwanja wa shule kama shuka ambayo bado haijakunjwa. Laini za chokaa zinaonekana kwa hatua kumi hivi, kisha zinayeyuka. Magoli ya mpira yapo, lakini ni ya kukisia tu.

Mwanamke wa miaka arobaini na minane anasimama mahali pa kuanzia mbio za mita elfu moja na mia tano. Bega kwa bega naye amesimama mumewe, akiwa ameshika saa ya kupimia mbio, ile ya zamani yenye mshale mrefu wa sekunde, mwingine mdogo wa dakika, na kitufe juu yake.

"Sikiliza," mume anasema, na kubonyeza kwa majaribio. Tik.

"Nimesikia."

"Haya, Bingwa. Ukiwa tayari."

Mwanamke anaondoka. Kitufe kinalia wakati ule ule wayo wake unapoiacha chokaa, na baada ya hatua kumi ukungu unamfunika. Hapo mume, ambaye goti lake la kushoto halimtii tena, anaukata uwanja katikati, akikanyaga majani yenye umande hadi upande wa pili, kwenye laini ya kumalizia. Ana dakika tano na ushei za kufika. Hajachelewa hata siku moja.

Wapimaji wengine wa mbio hawafanyi hivyo. Wao husimama mwisho wa mbio, wakasubiri mkimbiaji ainue mkono kule mbali, ndipo wabonyeze. Utaratibu wa wanandoa hawa una sababu yake, na sababu hiyo nusura imtoe mwanamke huyu uwanjani moja kwa moja.

Kazi yake ni ya kufua na kunyoosha nguo katika hospitali ya wilaya. Kuanzia saa moja na nusu asubuhi husimama mbele ya mashine yenye rola mbili za moto, akizilisha shuka upande mmoja na kuzipokea upande wa pili zikiwa kavu, bapa, na zenye joto la mkate. Kwa zamu moja hupitisha shuka zipatazo mia nne. Jozi moja ya viatu vyake vya kukimbilia hula karibu nusu ya mshahara wa mwezi, na jozi hudumu miezi minane, kumi akiibembeleza.

Pale kazini wanamwita Mama Dakika. Jina hilo alilipata kwa sababu kila kitu hukipima: mfuko wa nguo chafu kutoka wodini, dakika mbili na nusu; chai, dakika saba; umbea wa msimamizi wake, haupimiki.

"Huyu hata akilala anajipima," anasema msimamizi huyo, mwanamke mnene mcheshi ambaye wote humwita Shangazi. "Mimi nilimwambia, mwanangu, hizo mbio zako unamkimbia nani? Deni huna, mume hakupigi."

Alipokuwa na miaka ishirini na mitano, Mama Dakika alikimbia mita elfu moja na mia tano kwa dakika nne na sekunde kumi na nne. Siku hiyo jua lilikuwa limeinama, uwanja mkubwa ulijaa, na anasema katika mita mia mbili za mwisho hakusikia sauti yoyote, kana kwamba watu wote walikuwa nyuma ya kioo. Hajawahi kuikimbia tena kasi hiyo. Msimu uliofuata aliumia kisigino, baadaye akajifungua, na aliporudi, mwili ulikuwa umehamia nyumba nyingine.

Hata hivyo aliendelea. Ni miaka ishirini sasa, kila alfajiri ya Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mumewe akiwa na saa mkononi.

"Kuna msichana hukimbia mbele yangu," anaeleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia ndoto wakati bado amejifunika shuka. "Uso wake siuoni. Namjua kwa nywele alivyozifunga. Hutokea mzunguko wa pili, pumzi inapokuwa imetulia. Zamani nilikuwa namkimbiza kwa hasira. Nilijua ni mimi."

Kwa kumwogopa msichana huyo alijiwekea sheria. Siku atakapozidisha dakika tano, atatundika viatu. Aliitangaza sheria hiyo mezani, mbele ya mumewe na binti yao, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Mumewe aliitikia kwa kichwa na kuendelea kula. Dakika tano wakati huo zilikuwa mbali.

Mumewe ni fundi saa. Meza yake ya kazi iko chini ya dirisha la chumba cha mbele, na ukutani zimetundikwa saa kumi na saba zinazosubiri wenyewe. Ni mtu wa maneno machache. Akiulizwa saa ngapi, hasemi "karibu saa nne", husema "saa tatu na dakika hamsini na sita." Wateja humwamini kwa hilo.

Mtu huyo huyo, kwa miaka miwili, alimdanganya mkewe kwa saa.

Ilianza asubuhi moja ya umande mwingi. Mke alivuka laini, akaanguka chali kwenye majani na kufumba macho, akitabasamu. "Ngapi, Fundi?" Saa ilikuwa imesimama kwenye dakika tano na sekunde mbili. Fundi aliutazama mshale, akautazama uso ule, akasema: "Nne, hamsini na nane." Kisha akaurudisha mshale kwenye sifuri.

"Sikupanga," anasema fundi. "Mdomo ulitangulia, mimi nikafuata."

Asubuhi zilizofuata ilimbidi atafute njia, kwa kuwa mkewe alikuwa na tabia ya kuja kuitazama saa mwenyewe. Naye alikuwa na nafasi. Mbio hizo huanzia upande mmoja wa uwanja na kuishia upande mwingine, na kutoka kule mtu hawezi kuona kidole cha mpimaji. Kwa hiyo mke alipoinua mkono na kuondoka, fundi alihesabu moyoni kwanza, ndipo akabonyeza. Mwanzoni alihesabu hadi nne. Mwaka wa pili kuna siku alifika ishirini na mbili.

Mkewe alistaajabu. Miaka ilipita na bado alikuwa na dakika nne na sekunde hamsini na kitu. "Nilijiambia mwili wangu umesimama kama saa iliyokwisha betri," anasema. "Kazini nikawa natembea kama malkia. Shangazi alidhani nina mimba."

Siri ilitoboka mwezi wa kumi mwaka jana, fundi alipougua mafua makali na kubaki kitandani. Mwalimu wa michezo wa shule, aliyekuja mapema kupiga chokaa, alikubali kumpimia. Mwanamke akakimbia, akavuka, akauliza.

"Dakika tano, sekunde kumi na nne," mwalimu akasema.

"Saa yako mbovu, mwalimu."

"Mbovu? Mama, saa hii ilitoka kwa mumeo mwezi uliopita. Yeye ndiye aliyeitengeneza."

"Basi hakuimaliza. Nipe nimrudishie."

Akaipeleka nyumbani akiwa ameifunga kwenye leso. Jioni hiyo fundi, akiwa amejikokota hadi mezani na shuka mabegani, aliifungua saa ya mwalimu. Akavaa lenzi yake jichoni. Mkewe alisimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Inakimbia, sivyo?"

Fundi aliligusa gurudumu moja dogo kwa ncha ya kibano, akaliacha, akagusa lingine. Saa kumi na saba za ukutani ziliendelea na mazungumzo yao. Kulikuwa na njia rahisi: kusema springi imelegea, kuigeuza kidogo, na kumrudishia mwalimu saa iliyoharibiwa. Njia hiyo ingemgharimu sekunde tatu za kazi.

"Nilishaharibu saa moja kwa kidole changu," anasema sasa. "Ya pili nilishindwa. Ile ilikuwa nzima kabisa. Niliitengeneza vizuri mno."

Alivua lenzi. "Haina kitu."

"Ina nini?"

"Haina kitu, Bingwa. Ya kwetu ndiyo yenye kasoro. Na kasoro yenyewe ni mimi."

Ilichukua muda mkewe aelewe. Alipoelewa, aliuliza jambo moja tu: "Tangu lini?" Akaambiwa. Ndipo akapaza sauti hadi jirani akazima redio.

"Miaka miwili! Miaka miwili unanibembeleza kama mtoto wa kuachishwa ziwa! Na mimi nazunguka pale kama mwehu, nafurahia namba ulizonitungia!"

"Ulisema utaacha."

"Si ningeacha mimi mwenyewe?"

"Ndiyo maana," fundi akasema.

Kesho yake viatu vilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Sheria ni sheria. Zikapita siku kumi na moja. Kila alfajiri mwili uliamka wenyewe saa kumi na robo, ukakaa kwenye ukingo wa kitanda, ukakosa pa kwenda. Kazini aliacha kupima chai. Shuka mia nne zilipita mikononi mwake, nyeupe zikifuata nyeupe, na hakumbuki hata moja.

"Wewe," Shangazi alimwambia siku ya tisa, "mbona unakunja shuka kama unavika sanda? Ulipokuwa unakimbia ulikuwa unatuletea hewa humu ndani. Sasa joto tupu."

Siku ya kumi na mbili, karibu na kikombe chake cha chai, alikuta daftari dogo jeusi. Fundi alikuwa ameliweka hapo akaenda zake kwenye meza yake ya kazi, akiwa amempa mgongo.

Ndani, kwa mwandiko wake wa chungu wanaotembea kwa mstari, kulikuwa na kila mbio za miaka miwili ile. Tarehe, hali ya hewa, na muda: ule wa kweli. Kila alipomdanganya kwa saa, fundi aliongeza sekunde alizozihesabu moyoni na kuandika jumla. Hakuweza kuutupa muda huo. Mtu aliyeishi kwa kutunza muda wa wengine asingeweza kuutupa wa mkewe.

Mkewe alisoma hadi chai ikapoa. Mwanzoni kila namba ilimchoma. Kisha akarudi nyuma kurasa tatu, akaweka kidole mahali.

"Fundi. Mwezi wa nne umeandika tano na kumi na tisa."

"Ndiyo. Mvua ilikuwa nyingi."

"Mwezi wa saba, tano na kumi na tatu."

"Ndiyo."

"Nilipunguza sekunde sita? Na miaka arobaini na saba hii?"

"Ulipunguza. Siku ile nilitaka kupiga kelele."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambiaje? Wewe ulikuwa unajua una nne, hamsini na saba, kama kawaida."

Alilifunga daftari. Anasema alibaki akimtazama mumewe kisogoni, mahali nywele zinapoanza kuadimika, na hasira ikamtoka kwa mlango ambao hakuutegemea. Alicheka hadi akashika meza.

"Uliniibia kushindwa kwangu," akamwambia, "na ushindi wangu ukauchukua humo humo."

Alivitungua viatu jioni ile. Sharti lake lilikuwa moja: saa ibonyezwe pembeni yake, ausikie mlio kwa masikio yake, kisha fundi atembee. Ndiyo asili ya safari ile ya kuyavuka majani kila alfajiri.

Leo asubuhi kuna jambo jingine. Katika mfuko wa koti lake la kazi, lililotundikwa kwenye mlingoti wa goli, imo fomu ya mashindano ya wakimbiaji waliopita umri wa miaka arobaini na mitano, yatakayofanyika baada ya wiki saba. Fomu inatakiwa kabla ya saa sita mchana. Amejaza kila mstari isipokuwa mmoja: muda wake wa karibuni.

Wapo watakaosoma mstari huo wakakumbuka dakika nne na sekunde kumi na nne. Kwa wiki mbili kalamu imekuwa ikisimama hapo hapo. Alipata kufikiria kuuacha wazi, na usiku mmoja alifikiria hata kuandika nne, hamsini na nane. "Ni namba niliyoizoea," anasema, bila kucheka.

Ukungu unaanza kupasuka. Nyayo zinasikika kabla mtu hajaonekana, nyepesi, zenye mpangilio, kama mtu anayepiga vidole mezani akiwaza. Anatokea kwenye kona ya mwisho, kidevu chini, mikono imetulia. Kuhusu yule msichana wa mbele, amesema wamepatana. "Namwacha aende. Yeye ana haraka zake."

Anavuka laini. Safari hii halali chini. Anainama, mikono magotini, mvuke ukimtoka mabegani kama unavyotoka kwenye shuka zake.

"Ngapi?"

"Tano, kumi na mbili."

Ni muda wake mzuri kuliko wowote tangu saa ilipoanza kusema kweli. Anakwenda kwenye koti, anatoa fomu na kalamu, anaiweka juu ya goti. Anaandika tano. Anaandika kumi na mbili.

Fundi anakohoa. Ameisogeza saa machoni, akiigeuzia kwenye mwanga mchanga wa asubuhi.

"Kumi na mbili na nusu," anasema. "Nusu hiyo siwezi kukuficha tena."

Mwanamke analamba ncha ya kalamu na, kwa mwandiko mdogo, anaongeza nusu.

"Haya," anasema, akiikunja fomu mara mbili, pembe kwa pembe, kama mtu aliyezikunja shuka maisha yake yote. "Jumamosi tunaanza na hiyo nusu."