Jalada Lililonifanya Mganga

Haya nilikuwa nimeapa nitazikwa nayo, lakini kwa kuwa mtaa wetu wote wa Kisumu Ndogo, hapa Malindi, unayajua, na Watamu wameshaanza kuyajua, na kila anayeyasimulia anaongeza lake (juzi nimesikia eti nilikuwa na chatu ndani ya beseni), bora niyaseme mwenyewe na aibu yake yote. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo nikikosea herufi mnisamehe. Wahusika mimi sitawasamehe. Ni watatu na nawataja kwa majina: Mwangi wa duka la kompyuta, shemeji yangu Safari, na wa tatu mtamjua wenyewe.

Mimi naitwa Kazungu, mpishi. Miaka ishirini na mmoja nimepika kwenye mahoteli ya Watamu na mara tatu nimeachishwa kazi, mara zote kwa barua ya Kiingereza ya maneno matamu ambayo ilibidi nisomewe. Ile ya tatu nikasema basi, sirudi kuomba mtu, nikakaa nyumbani na uchungu wangu, nikawa napika vyakula vya arusi na vya matanga kwa watu wanaokusifu wakiwa na njaa na wakishashiba hawakujui.

Ndipo Bi Salma akanipigia simu. Huyu ni mtu wa Mambrui, wa mji wa kale hasa, na Kiswahili chake ukikisikia unajikuta umekaa wima. Alikuwa anafungua nyumba ya wageni Watamu na anatafuta mpishi mkuu, na jina langu alipewa na mtu aliyewahi kula pilau yangu, ila mimi na yeye hatujawahi kuonana.

"Bwana Kazungu," akasema, "wageni wangu hutafuta kila kitu kwenye simu kabla hawajapanda ndege. Mpishi wangu nataka akitafutwa aonekane. Nitakutafuta huko, na nikikuona, Jumamosi saa sita in shaa Allah nitakuja kwako kuonja mkono wako."

Nikamjibu, "Huko nipo siku nyingi, Bi Salma."

Sikuwepo. Mtandaoni mimi sikuwepo hata kwa bahati mbaya. Lakini ile kazi niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, si kwa mshahara tu, niliitaka ili siku moja nipite mbele ya lile geti la hoteli ya mwisho nikiwa nimevaa nguo nyeupe za mpishi mkuu, nipite polepole. Basi mbio mpaka kwa Mwangi.

Mwangi ni bwana mmoja wa bara, mpole, mwenye duka la kompyuta kule mjini, na anajua vitu vyote isipokuwa mahali alipo. Akanisikiliza, akasema dawa ni kitabu kidogo cha mapishi cha kusomwa kwenye simu, kitolewe bure, kiwe na jalada la kuvuta macho, na jina langu na nyumba yangu viwekwe kwenye ramani ya mtandao ili mtu akibonyeza aletwe hadi mlangoni. Nikamtajia mapishi tisa, akayapiga chapa, tukakiita Chungu cha Kazungu. Hadi hapo hakuna ubaya.

Ubaya ulianza kwenye picha. Aliniweka uani kwangu, nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, chungu kimekaa katikati ya miguu, upawa mkononi, na mvuke ukanipanda usoni nikafumba macho. Nikamwambia apige nyingine. Akasema, "Hapana mzee, hii inaonyesha unaisikia harufu." Halafu kwenye kompyuta akaniondolea ukuta wa nyuma (una nyufa, ni kweli), akaweka kitambaa chekundu nyuma yangu, cheusi begani, cheupe magotini, eti rangi hizo tatu ndizo zinazoonekana vizuri zaidi kwenye kioo kidogo cha simu.

Sasa mimi ni Mgiriama. Mama yangu kanizaa Vitengeni. Mtu yeyote wa kwetu akiona nyekundu, nyeusi na nyeupe zimekaa pamoja, na mzee kafumba macho juu ya chungu kinachofuka, hahitaji kuambiwa yule ni nani na anafanya kazi gani. Mwangi wa watu angejuaje? Mimi ndiye niliyepaswa kuona, na sikuona kwa sababu nilikuwa naangalia tumbo langu, jinsi alivyolipunguza, nikawa nasema moyoni kumbe Kazungu bado yumo.

Mke wangu Dama nilitaka kumshtua, kwa hiyo sikumwonyesha. (Miaka ishirini na sita ya ndoa na bado nafanya upumbavu wa namna hii.)

Halafu Mwangi akasema neno ambalo mpaka leo silioni kuwa baya: "Mzee, watu hawatafuti jina lako. Wanatafuta shida zao. Tuandike maneno ya shida zao chini ya kitabu, wakizitafuta wakukute wewe."

Shida za watu mimi nazijulia wapi? Nikampigia shemeji Safari, kaka yake Dama, mwenye bodaboda, ambaye siku nzima anawasikia abiria wakiongea na simu mgongoni mwake. Safari hakufikiri hata kidogo. "Shemeji, andika kurudisha mume. Andika kesi ya shamba. Andika kupata kazi haraka. Hayo matatu, utapatikana mpaka Lamu."

Mwangi akaniangalia, nami nikayatafakari kwa akili yangu yote ya darasa la tano, nikaona mbona ni kweli. Mume hurudi kwa chakula. Ndugu wakila sinia moja kesi hupoa. Kazi mimi mwenyewe niliipata kwa pilau. Nikamwambia andika. Akaandika: Kazungu wa Malindi, hurudisha mume, humaliza kesi ya shamba, hupatia kazi kwa haraka, siri zote zimo chunguni.

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi Bi Salma akapiga simu kwamba ameniona, na kwamba nimetokea wa kwanza kabisa, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho mimi nilidhani ni heshima.

Jumamosi niliamka mapema, nikanunua samaki changu wawili wanene wa kupaka, nikafagia ua. Saa tatu mtu akabisha. Bwana wa makamo, tai shingoni, katoka Kilifi, na kabla sijamkaribisha kavua viatu. Nikafikiri ni mteja wa chakula mwenye adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

Akachuchumaa, akashusha sauti. "Ni kesi ya shamba. Ndugu yangu wa tumbo moja. Mzee, sitaki afe. Nataka tu achoke."

Nilimwangalia. Akanionyesha simu yake, na pale ndipo nilipoliona jalada langu kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu mwingine. Nikamwambia bwana, mimi ni mpishi. Akatikisa kichwa kwa kuelewa sana. "Najua mzee, serikali. Hata yule wa kwetu husema ni fundi wa baiskeli."

Kabla sijamaliza na huyo, kaingia mama kutoka Vitengeni na jogoo mweupe kwapani, mume wake kaenda Mombasa kununua mabati tangu mwaka juzi. Nyuma yake wanawake wawili wa kupata kazi haraka. Nyuma yao bodaboda, na juu ya bodaboda Safari, na nyuma ya Safari mzee na mkongojo. Nikamvuta Safari pembeni.

"Wewe ndiye unayewaleta hawa?"

"Shemeji, wako pale steji wanauliza kwa Kazungu ni wapi. Ningefanyaje? Mimi nikadhani umefungua. Hata nikaumia kwamba hukuniambia."

"Nimefungua nini?"

"Usinijibu kwa ukali mbele ya wateja, watakosa imani."

Nikasema hawa nitawaondoa kwa upole, nikatoka nje kuwaeleza, na kila nikieleza wanazidi kuniamini, kwa sababu mganga wa uongo hukubali upesi na wa kweli hukataa. Hilo nalo sikulijua. Ilipofika saa tano walikuwa kumi na wanne, wamekaa kwenye mikeka yangu, viatu vimepangwa mlangoni kama msikiti siku ya Ijumaa, na majirani wamejaa juu ya ukuta wa ua. Jirani mmoja akaniita, "Kazungu, na mimi mgongo huu miaka yote, ukaninyamazia tu?" Nikacheka, lakini kwa woga, maana huku kwetu jina la namna hiyo likishakukaa halikutoki kwa sabuni.

Wakati huo wote jikoni sijaingia. Paka alikuwa ameingia kwa niaba yangu. Changu wote wawili.

Dama hakujua la nje kwa undani. Alichoona yeye ni watu wengi, samaki hakuna, na jogoo mweupe kafungwa kwenye mguu wa meza, akadhani ni Safari kaleta mchango wake kwa mgeni wetu. Kwa kuwa mgeni ni Mwislamu akamwita jirani yetu Athmani aje amchinje, naye akachinja kwa bismillahi safi, na Dama akawasha makaa, akakuna nazi, akakamua tui la kwanza.

Saa sita ikakaribia, nikachanganyikiwa. Bi Salma akiwakuta hawa kazi imekwenda. Nikapanda juu ya ndoo (sijui kwa nini juu ya ndoo), nikatangaza: "Jamani, nisikilizeni. Kazungu hayupo. Amesafiri, amekwenda Tanga, hajulikani atarudi lini. Mimi ni mdogo wake. Nendeni na amani."

Wakatulia. Nikaona imekubali. Kisha nyuma yangu sauti ikasema, taratibu, kila herufi mahali pake:

"Amesafiri? Na mimi nina miadi naye saa sita."

Nikageuka nikiwa bado juu ya ndoo. Mama wa heshima, buibui limenyooshwa, tuktuk iko nyuma yake, simu mkononi. Akaiangalia simu. Akaniangalia mimi. Akaiangalia tena simu.

"Mdogo wake," akasema, "hebu fumba macho."

Jamani, ningefanya nini? Nikafumba.

"Ndiye," akasema.

Na umati wote ukajibu kwa pamoja, "Ndiye," na yule mzee wa mkongojo akaongeza, "Nilisema mimi." Nilibaki nimefumba vilevile muda mrefu, maana kufumbua ndiko kulikokuwa kugumu.

Kilichoniokoa ni harufu. Dama alitoka jikoni na sinia, wali unafuka, jogoo kapakwa tui zito la ukwaju na bizari, ngozi imebabuka kidogo kwa makaa, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na wanaume, "Waganga na wagonjwa, naweni mikono." Wakanawa. Bi Salma naye akakaribishwa, akakaa mkekani kati ya bwana wa tai na mama wa Vitengeni, wakaanza kula.

Kisha mama wa Vitengeni akaangaza macho kwenye ua. "Jogoo wangu yuko wapi?"

Dama akasema, "Jogoo gani?" Halafu akaangalia sinia. Sote tukaangalia sinia.

Yule mama alikuwa na paja mkononi. Akaligeuza, akaliuma tena, akatafuna polepole. "Basi," akasema, "mume asiporudi kwa hiki, abaki na mabati yake." Aliyeanza kucheka ni Bi Salma, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na wengine wakafuata, na bwana wa tai akakiri kwamba ndugu yake angekuwepo hapa angempa ule upande wa shamba wenye mnazi. Majirani wakashuka kutoka juu ya ukuta. Wali ukaongezwa. Ukiondoa mimi, ilikuwa karamu nzuri kuliko nyingi nilizozipikia.

Bi Salma akanawa, akauliza, "Nani kapika?"

Nawaambia ukweli, kwa sababu ndiyo maana ya kuandika: nilifungua mdomo niseme mimi. Nilikuwa nimeiona ile kazi imerudi, iko pale mkekani, ni ya kuokota tu. Lakini mama wa Vitengeni alikuwa mwepesi kuliko mimi. "Si huyu," akasema. "Huyu tangu asubuhi yuko nje anakana jina lake."

Bi Salma akamgeukia mke wangu. "Dada, Jumatatu utaweza kuja Watamu?"

Dama akanitazama. Nilitegemea ataniombea nafasi yangu. Akasema, "Nitaweza. Ila nitakuja na huyu, nazi zako zitakuwa nyingi."

Mwangi alikifuta kitabu siku ileile, akaomba radhi vizuri, lakini picha ilikwishasambaa na bado napigiwa simu. Nimekoma. Nimeapa kwamba neno lolote nisiloweza kulisimamia mlangoni kwangu, mchana, mbele ya watu, halitaandikwa chini ya jina langu tena, hata liwe la kunifikisha Lamu. Na kutojikana tena nimeapa vilevile, kwa sababu aliyenikosesha ile kazi hakuwa Mwangi wala Safari, kazi ilikuja mpaka uani kwangu ikanikuta juu ya ndoo nasema sipo.

Jumatatu tulifika Watamu mapema. Askari wa geti la Bi Salma akamwandika Dama, akamwita mpishi, akampisha. Kisha akaninyooshea kalamu mimi. "Na wewe mzee ni nani?"

"Kazungu," nikasema. "Mume wa mpishi."