Muziki wa Kuandikia Mapenzi

Siwezi kuandika kwenye ukimya. Wapo wanaojisifu kwamba wakikaa tu na kalamu maneno yanakuja, hongera zao. Mimi lazima kitu kiwe kinaimba pembeni. Nikiandika msiba naweka kwaya, tena kwaya ya Kilutheri ya zamani, ile ambayo sauti ya nne inanguruma chini kwa chini kama lori linalopanda mlima. Nikiandika ugomvi naweka matarumbeta. Mapenzi ndiyo yaliyonisumbua, na muziki wake nilipoupata nikatamani nisingeupata.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mipaka ilipolegea na kila aliyekwenda Namanga akawa anarudi na kitu. Mume wangu alikuwa na duka la vipuri vya magari Ngarenaro. Yeye alirudi na redio nyeusi ya kaseti mbili, yenye taa nyekundu zinazorukaruka muziki ukipigwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa tunaishi vyumba viwili nyuma ya duka, mtoto bado. Mchapishaji mmoja wa mjini alikuwa ameniahidi kwamba nikimaliza hadithi yangu ya mapenzi kabla shule hazijafungwa, ataitoa iwe kitabu. Nilikitaka kitabu kile. Nilikitaka kuliko nilivyotaka nyumba yetu wenyewe, na mama mkwe wangu alilijua hilo na halikumfurahisha.

Shida ni kwamba mapenzi yenyewe yaligoma kuandikika. Nilijaribu nyimbo za redioni, nikajaribu kanda mpya zilizokuwa zimejaa stendi, nikaona makelele matupu. Msichana wangu na mvulana wangu wanakutana, wanasalimiana kama wajumbe wa kamati ya shule, wanaagana. Jumamosi moja nilikuwa natafuta kitambaa kwenye boksi la vitu vya ubachela vya mume wangu, nikakuta kanda isiyo na jalada wala maandishi. Nikaiweka. Gitaa likaanza polepole, mtu akaimba kwa lugha nisiyoijua, na kabla wimbo wa pili haujaisha nilikuwa nimeandika kurasa ambazo baadaye sikubadilisha hata neno.

Jioni nikamwuliza mume wangu, "Hii kanda ni ya wapi?"

"Ya zamani hiyo, ya enzi za ubachela," akasema. "Nilifikiri imeshapotea."

"Basi naiomba, niwe naandikia."

"Chukua tu, Mwalimu." Mwalimu ndilo jina aliloniitia, akitaka kunitania na akitaka kunibembeleza.

Ikawa kanda yangu. Nikitoka shule mchana, nikishasahihisha madaftari, naiweka. Nilikuwa nasikiliza zile nyimbo za kwanza za kila upande, za taratibu. Zikianza za kurukia nazima, nachomeka kalamu kwenye kitundu cha kanda naizungusha kwa mkono mpaka mwanzo, maana umeme ulikuwa wa kubahatisha na betri nazionea huruma. Hivyo mwisho wa kanda ile sikuwahi kufika.

Mume wangu akirudi akanikuta naandika, hakusema kitu. Alivua viatu, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akanyamaza mpaka nizime redio. Walimu wenzangu walilalamika kwamba waume zao wakirudi ni chai kwanza, mengine baadaye. Mimi nikawa nawaambia kuwa wangu anaheshimu kazi ya mtu. Nilijisifu, jamani, nilijisifu mpaka wakachoka kunisikia.

Kanda ikaanza kuchoka nayo. Sauti ikawa inapanda na kushuka kama ya mtu mwenye mafua. Nikaipeleka kwa fundi wa kurekodi, kwenye kibanda chake karibu na soko, anitolee nakala. Siku zile ukitaka nyimbo za kuchagua mwenyewe ulikwenda kwa fundi, ukamtajia wimbo mmoja mmoja, akakurekodia kwenye kanda tupu. Na kama kanda ni zawadi, mwisho kabisa wa upande wa pili alikuwekea salamu. Alizisoma yeye mwenyewe kwa sauti ya mtangazaji: zinatoka kwa nani, zinakwenda kwa nani, pamoja na neno lako. Vijana wengi wa mjini kwetu walichumbiana kwa salamu za namna hiyo, na sijui kwa nini hilo halikunijia kichwani.

Fundi aliiweka kanda, akaendelea kufungua redio ya mtu mwingine huku nakala inajirekodi. Nikasubiri kwenye benchi. Upande wa kwanza ukaisha, akageuza. Nyimbo za taratibu zikapita, na zile za kurukia zikapita. Kukawa na kimya kirefu, nikainuka nikidhani imekwisha.

Ndipo sauti ya fundi yule yule, changa kidogo, ikatoka kwenye spika iliyoning'inizwa mlangoni. Ikamtaja mume wangu, jina lake na la baba yake, halafu ikamtaja kwa jina la utani. Ikasema kanda hii imtulize hadi siku watakapoonana tena Olmotonyi. Mimi nilikuwa mke wake wa ndoa, ya kanisani, na jina lile la utani sikuwahi kulisikia. Kabla sauti haijakatika, mwanamke akacheka. Kicheko kifupi, cha karibu, cha mtu aliyeridhika na nafsi yake.

"Hee, hii niliifanya mimi," fundi akasema, akitabasamu. "Dada mmoja wa Olmotonyi. Alikaa hapo hapo ulipokaa, Mwalimu, mchana kutwa. Wimbo ukiisha anasema hapana, huu usifuatane na ule, tafuta mwingine. Alinichosha yule. Umeipata wapi?"

"Ya ndugu yangu," nikamwambia.

"Basi ndugu yako alipendwa."

"Kwenye nakala zifute hizo salamu."

Nilirudi nyumbani na kanda mbili kwenye kikapu na wivu wa kufa mtu. Nieleweke vizuri. Sikumwonea yule dada wivu kwa kuwa alinitangulia, nani hakutanguliwa? Mimi mwenyewe palikuwa na mtu Nduruma, na sina la kujitetea. Kilichoniuma ni kwamba mapenzi niliyokuwa naandika yalikuwa yake. Yeye ndiye aliyeamua wimbo upi ufuate upi. Msichana wangu anatabasamu pale yeye alipoweka wimbo wa kutabasamu, anasikitika pale yeye alipotaka kusikitika. Na yule bwana wa kwenye kiti cha mlangoni hakuwa anaheshimu kazi ya mtu yeyote. Amevua viatu, amekaa nyumbani kwangu, lakini yuko Olmotonyi.

Jioni ile nilimenya ndizi za machalari kama nazichinja.

"Mwalimu, leo ndizi zimekukosea nini?" akaniuliza.

"Hazijanikosea kitu."

Sikumwuliza. Ningemwuliza nini? Akikana nitajua anaficha, na akikubali itakuwa balaa jingine. Nilitaka tu kujua kama moyo wake uko kwangu, na hilo hata yeye angeulizwa asingekuwa na jibu la kunitosha.

Kanda zote mbili nikazirudisha kwenye boksi. Nikaweka kwaya, msichana wangu akaanza kuongea kama mama mchungaji. Nikaweka matarumbeta, akagombana na mvulana bila sababu. Nikajaribu kimya, nikasinzia. Shule zikawa zinakaribia kufungwa, na mchapishaji akatuma mtu kuuliza sura ya mwisho iko wapi. Nikaona huyu mwanamke hatanichukulia na kitabu. Nikaitoa nakala kwenye boksi, nikaiweka, nikaandika nimeuma meno.

Nilikuwa nimempangia msichana wangu kufa kwa homa. Sikuona haya, nilitaka azikwe mapema na wazazi wake walie. Lakini kila nilipomlaza kitandani wimbo ulibadilika, na yeye akainuka, akaomba maji, akauliza mvulana yuko wapi. Nikachoka kushindana naye. Nikamwacha aende mjini, akae kwenye benchi ya fundi mchana kutwa akimchagulia mpenzi wake nyimbo, anamchosha fundi wa watu, anasema huu hapana, tafuta mwingine. Mwishoni nikamfanya acheke. Niliandika kicheko kile kama nilivyokisikia, kwa hasira, na nilipoweka nukta nilijua kwamba ndiyo sura bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Hilo nalo liliniudhi.

Mume wangu hakuwa msomaji. Gazeti alilifungua ukurasa wa mpira, akalifunga. Lakini Jumapili ile, tuliporudi kanisani, aliikuta sura ya mwisho juu ya meza, nimeiandaa niipeleke kesho yake. Akaichukua, akakaa kwenye kiti chake. Mimi nikapakua chakula, nikakiweka mbele yake, nikakaa kumtazama. Nilijiambia kwamba akiisoma na akaniangalia mimi, yamekwisha, sitauliza kitu maisha yangu yote.

Akasoma mpaka mwisho.

"Huyu dada umempatia kabisa," akasema. "Umemjulia wapi?"

"Nimemtunga," nikamjibu.

"Sawa," akasema. Akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kuisoma tena taratibu, midomo inacheza. Alipofika penye kicheko akatabasamu peke yake, sahani inapoa mbele yake na mimi nimekaa pale pale.