Jiwe la Ukutani kwa Ayeyo

Mtaa wetu wa Wajir ulijengwa kwa mawe ya kuokota. Watu wa kale waliochimba visima vyetu, wale ambao wazee husema walikuwa majitu, waliacha majengo na makaburi ya mawe ya nakshi. Yalipobomoka, waliochoka kuhamahama wakayachukua wakajengea nyumba. Kizingiti cha jirani yetu kina maua yaliyochongwa. Mwingine juu ya jiwe lake kawawekea mbuzi chumvi ya kulamba. Hakuna aliyeshangaa. Jiwe ni jiwe, bwana.

La ayeyo, bibi yangu mzaa mama, lilikuwa ukutani juu ya kitanda, lina mistari iliyosukana kama nywele za bibi harusi. Alilipachika kwa mkono wake mwaka ambao ukame ulimmalizia ngamia, alipojenga nyumba yake ya kwanza isiyobebeka. Utotoni nililala naye. Kabla ya usingizi alikishika kidole changu akakipitisha kwenye ile mistari, polepole, huku akiwataja waliotutangulia. Wallahi, hakuna ninachokitamani duniani kama kile kitanda.

Moyo ukaanza kumsumbua, mama akamleta Garissa, tunakoishi sasa, awe karibu na daktari. Weee, mzee ana lake! Kila asubuhi alifunga virago, akakaa mlangoni.

"Nirudisheni kwangu."

"Hooyo, kule utakufa," mama alimwambia mama yake.

"Kwani hapa nimekatazwa kufa?"

Mama akachoka. "Ana nini huko? Nyumba tupu na jiwe!" Kisha akatulia, akasema, "Basi jiwe lije." Wazo halikuwa la kijinga. Kwetu mwanamke akihama, nyumba yake huhama naye, miti na mikeka na kamba, vyote juu ya ngamia, na pale atakapoisimamisha ndipo kwake. Hata mimi nililisifu.

Nikatumwa Wajir. Abti, yaani mjomba wangu, alilichokoa kwa patasi, likaacha shimo la kupitisha jua. Nililifunga kwenye gunia nikapanda basi. Kwenye kizuizi cha Modogashe askari alilipapasa akaniuliza ni nini.

"Jiwe."

"Kwani Garissa mawe yameisha?"

Basi zima likacheka, nami nikacheka, roho nyeupe, kwa kuwa nilijiona nampelekea ayeyo nyumba yake.

Nilimwekea mapajani. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, ila vidole vililijua. Vilikwenda na mistari, vikarudi. Mama alisimama akingoja shukrani.

"Ukuta umebaki vipi?" ayeyo akauliza.

"Una shimo tu," nikamjibu. "Abti atalipiga saruji."

Kesho yake hakufunga virago, wala siku zilizofuata. Alikunywa dawa zake bila ubishi. Mama akamshukuru Mungu, alhamdulillahi, mzee ametulia. Mimi nilianza kuikosa ile vita ya kila asubuhi, kwa sababu mtu anayegombana bado anataka kitu.

Siku moja nikaketi naye mkekani, nikamuuliza kama hataki tena kwenda nyumbani. Akanishika mkono.

"Ayeyo," akaniita, maana kwetu bibi na mjukuu huitana jina hilohilo, "niende wapi? Nilikuwa na mahali pa kurudi. Mmepabomoa, mkaniletea kipande."