Ndoana ya Kichwa cha Chewa

Enzi zetu kule Shimoni, enyi wa rika langu, mtoto hakupewa ndoana mpaka aujue mdomo wa samaki anayemfuata. Mama akipara samaki alituita, akampanua chewa mdomo na kuiweka ndoana ndani. "Mtazameni huyu, msiitazame ndoana," alisema. "Yeye ndiye atakayeimeza." Kwa chewa, uwazi kati ya shina na ncha sharti upitishe kidole gumba cha Mama, na chuma kiwe kinene, maana chewa akishika hukimbilia pangoni. Ncha tuliijaribu kwenye ukucha. Ikiteleza, tunainoa juu ya jiwe. Risasi tuliiyeyusha katika kopo la maziwa, tukaimimina juu ya shina la ndoana, tukafunga manyoya ya jogoo. Chambo hicho cha uongo kilicheza majini kama dagaa mgonjwa. Shuleni tuliingia tukinuka moshi. Shule yenyewe sikuimaliza, lakini katika somo hilo nilihitimu.

Sasa njooni muwaone vijana wanaomwagwa na maajenti huku Saudia! Mimi naendesha gari la familia moja ya Riyadh, na kiangazi kafili, yaani mwajiri wangu, hutuhamishia pwani, Jeddah. Huko, mtaani Ghulail, niliwakuta Kevo na Brayo, madereva wenzangu, wanaochagua ndoana kama mtu anayechagua miwani ya jua.

Saumu, dada wa Kwale aliyekuwa akipika nyumbani kwa kafili wangu, alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Aliomba kitu kimoja tu: Ijumaa yake ya mwisho ale nasi mchuzi wa nazi wa kichwa cha chewa. Vijana wakaapa kumvua huyo chewa. Mimi madam, mke wa kafili, aliniita nimpeleke sokoni, yalla yalla, upesi upesi, nikawaachia ndoana zangu nene.

"Mzee, hizi peleka makumbusho," Kevo akacheka. "Yangu ni ya Japani. Cheki vile inang'aa."

Ilikuwa nyembamba, ya kushonea kanga.

"Kidole gumba chapita hapo?" nikamuuliza.

"Kidole cha nani tena, mzee?"

Chewa alikuja, tena mkubwa. Hilo hata wao walikiri. Akaingia pangoni, na ndoana ya Japani ikarudi imenyooka kama sindano. Wakaipiga picha. Kisha wakapita dukani, wakamletea Saumu pakiti ya minofu iliyoganda.

Saumu akaigeuzageuza. "Kichwa kiko wapi, wanangu? Kimebaki kupigwa picha?"

Akaiweka pakiti kando. Tui alilokwisha kulikamua akalimimina juu ya kuku aliyekuwa kwenye friji, tukala.

Enzi zetu nyumba nzima ilikuwa na ndoana mbili, na mgeni hakuondoka kwa Mama bila kichwa cha samaki kwenye sahani yake. Leo Kevo ana sanduku zima la ndoana, zote zinang'aa, na Saumu yuko Kwale akisimulia kwamba tulimuaga kwa kuku, nasi tulikuwa kando ya bahari.